Bi Sekunde, Aliyekataa Kutia Sahihi

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga. Mwaka 1985 aliingia chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja, akatoka wa kwanza. Babu alimshonea ovaroli, mikono ikazidi urefu. Mama aliikunja akaivaa miaka saba.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika maabara ya kupima vifaa vya umeme. Kazi yake ilikuwa balasti, yaani kile kifaa kinachowasha zile taa kubwa za viwanjani na maghalani. Taa hizo haziwaki kwa kubonyeza swichi tu; balasti huzipiga kwa maelfu ya volti mpaka gesi iliyomo ndani ikubali kupitisha umeme. Taa iliyotoka kuzimika, ikiwa bado ya moto, hugoma mpaka ipoe. Mama alikaa nazo, macho kwenye saa, akiandika kila moja imechukua muda gani. Wenzake wakamwita Bi Sekunde.

Mwaka 1999 zililetwa balasti mpya za kielektroniki za ghala moja kubwa. Mama akagundua kwamba taa ikigoma, hazijizimi. Huendelea kuipiga saa nzima. Akakataa kutia sahihi.

"Dada, taa si zinawaka? Unataka nini tena?" mkuu wake alimuuliza.

"Zikiwaka sina neno. Nauliza zisipowaka. Fundi atapanda ngazi akidhani taa imekufa, kumbe waya bado una moto."

Sahihi ikatiwa na mwingine, Mama akahamishiwa stoo. Miezi minne baadaye fundi mmoja alipanda ngazi mle ghalani, akapigwa na umeme, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Balasti zote zikang'olewa, Mama akaitwa arudi maabara. Lakini kwanza alikwenda wodini kumwona yule fundi, akamwomba radhi kwa kuwa hakupiga kelele za kutosha.

Fundi huyo ni Baba. Walioana tarehe 21 Aprili 2001. Baba hupenda kusema kwamba wenzake walipeleka posa, yeye alipigwa shoti.

Kuanzia mwaka 2011 Mama aliiongoza maabara hiyo, na kwa miaka yake yote hakuna aliyepelekwa stoo kwa kusema kweli.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Mchana wa Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, alimwambia Baba, ambaye kwa siku tatu hakuwa ameondoka kando ya kitanda chake: "Mume wangu, nenda kaoge, unanitia aibu kwa wauguzi." Baba akacheka, akaenda. Aliporudi na shati safi, Mama alikuwa ameshatutoka. Shati lile ndilo alilovaa leo.

Ameacha mume, mabinti wawili, mimi nikiwa mkubwa, mjukuu mmoja anayenyonya, ndugu wanne, na mafundi wengi aliowafunza kazi.

Asante kwa kazi, Mama. Sasa pumzika, na amani ikae nawe.