Cosmas Mwalugha, Fundi wa Masanamu ya Thamesmead (1953–2023)

Kaka yetu Cosmas Kisombe Mwalugha alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Mgange, Taita, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mwalugha na marehemu Mama Sesilia. Mimi ninayesoma ni Marcelina, mdogo wake. Familia iliniomba nisome kwa sababu nina sauti. Nimekubali kwa sababu nyingine. Kuna neno baya nililomwambia marehemu mbele ya wengi wenu mliokaa hapa, na nisipolirudisha leo sitapata siku nyingine.

Alisoma shule ya msingi palepale Mgange, kuanzia 1961 hadi 1967. Masomo hayakumpenda sana, naye hakuyabembeleza. Siku moja alikifungua kiti cha baba vipande vipande aone kilivyoungwa, kisha akakirudisha vizuri hata kikaacha kulia. Baba alimchapa, halafu akakikalia kile kiti miaka ishirini.

Mwaka 1969 aliteremka Mombasa kujifunza useremala kwa Fundi Avtar, Kalasinga aliyekuwa na karakana Makupa. Avtar hakuwa na mchezo. Fremu yoyote isiyo na mti wa mshazari kwenye pembe aliisukuma kwa mguu mbele ya wateja, iporomoke, na mwenyewe aione. Cosmas aliporomoshewa tatu, ya nne ikasimama. Alikaa hapo miaka kumi na minane akipiga kenchi za mapaa, na nyingine bado ziko juu ya nyumba za watu hadi leo.

Alifunga ndoa na Lydia, nesi, tarehe 11 Agosti 1984 mjini Mombasa. Mwaka 1986 wakampata Solomon. Lydia alipata kazi London mwaka 1989, Cosmas akamfuata mwaka uliofuata, wakakaa hapa Thamesmead, naye akawa fundi wa mbao kwenye majengo hadi alipostaafu mwaka 2018. Teresia alizaliwa huku tarehe 6 Juni 1991. Alizaliwa na selimundu, na mnaoujua ugonjwa huo mnajua baridi inavyomfanya mtoto: maumivu yanaingia kwenye mifupa, analia mpaka sauti inaisha.

Sasa nifike kwenye masanamu, maana najua ndiyo mnayoyangoja.

Oktoba 1997 Teresia alitoka na watoto wenzake kugonga milango ya watu kuomba peremende siku ya Halowini, ile jioni ya mwisho wa Oktoba ambapo nyumba za huku hupambwa vitu vya kutisha. Alirudi akitetemeka, akalazwa siku tisa. Mwaka uliofuata mama yake akamkataza kutoka. Mtoto akalia kwamba wenzake watapita kwingine, kwao hatakuja mtu. Cosmas alichukua msumeno. Alikwenda bustanini mbele ya nyumba, akaanza kukata mbao. Alitengeneza buibui mwenye miguu minane, mkubwa kuliko gari: miguu ya mabomba ya plastiki, tumbo la wavu wa kuku lililobandikwa magazeti kwa uji wa ngano, na juu rangi nyeusi iliyobaki kazini. Alitaka kitu kikubwa kiasi kwamba mtoto yeyote wa mtaa asiweze kukipita. Upepo ulimwangusha buibui huyo siku ya pili. Mwenyewe aliniambia aliona aibu, kana kwamba Avtar alikuwa amesimama kwenye geti. Akajenga upya na mishazari, akapigilia vyuma ardhini, akajaza mchanga miguuni, akavuta kamba pande nne, na kila kamba akaifunga kitambaa chekundu ili watoto waione wasijikwae. Jioni ya Halowini walikuja watoto arobaini na sita. Teresia alikaa mlangoni na blanketi na chupa ya maji moto, akigawa peremende, akiwahesabu.

Kila mwaka akaongeza. Kiunzi cha mifupa kilichofika dirisha la ghorofani. Popo mwenye mabawa ya mita tano. Watu walitoka mbali kuja kutazama.

Na mimi, ambaye nami nilikuwa nimehamia London kufanya kazi ya kutunza wagonjwa, nikaja. Oktoba 2003 nilikuja na akina mama wawili wa ushirika wetu wa maombi, Cosmas akiwa kazini. Kwetu, mtu akiona vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye kamba kuzunguka nyumba, hangoji kuelezwa, anajua mganga amepita. Tukavikata vyote, tukayapaka masanamu mafuta, tukakemea. Aliporudi hakugombana na mtu. Alichana shati lake jekundu, akafunga upya.

Teresia alifariki tarehe 18 Februari 2007, akiwa na miaka kumi na mitano. Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, nilisimama nikamwambia kaka yangu: “Ungeyachoma yale masanamu yako, huyu mtoto angekuwa hai.” Mlisikia. Wengine mliitikia kwa vichwa. Yeye aliweka sahani chini, akatoka nje. Tukakaa miaka kumi na tano bila kuzungumza, na mimi nikajiona mshindi kwa kuwa nilikuwa upande wa Mungu.

Mwaka 2022 Lydia alinipigia akasema, “Wifi, ni kansa ya mapafu, na anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Hiyo si kazi yako ya kila siku?” Nilikwenda. Cosmas alinitazama, akaniuliza kama nimekula.

Oktoba mwaka huu hakuweza kushika nyundo. Aliketi dirishani, na mimi, mwanamke wa miaka sitini na sita, nikajenga buibui kwa maagizo yake. “Kaza hapo. Hapana, mshazari uanzie chini. Marcelina, hiyo ni fremu au kitanda cha wagonjwa?” Nilimuuliza kwa nini aliendelea baada ya Teresia kuondoka. Hapo ndipo aliponieleza habari ya mwaka 1998. Miaka ishirini na mitano nilikuwa sijawahi kumuuliza. Akasema, “Watoto wa mtaa walishazoea kuja kwake. Ningewaambia nini?”

Tarehe 31 nilipiga magoti kando ya kiti chake nikaanza: “Kaka, lile neno la siku ile...” Mlango ukagongwa. Akasema, “Nenda ukawape kwanza, wanasikia baridi.” Nilikwenda nikagawa peremende hadi zikaisha. Niliporudi alikuwa amelala, na kuanzia kesho yake pumzi haikumruhusu mazungumzo. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, Lydia akiwa amemshika mkono. Nilikuwa nimebaki na nafasi ya siku tisa, maana kusikia alikuwa bado anasikia. Niliogopa.

Ameacha mjane, Lydia, mwana, Solomon, na mkewe, wajukuu wawili, na dada mmoja. Leo, Jumamosi tarehe 25 Novemba, analazwa ubavuni mwa binti yake.

Nililisema mbele ya watu, nalifuta mbele ya watu. Teresia aliuawa na maradhi. Baba yake hakumletea mauti, alimletea watoto wenzake mlangoni. Mliokubaliana nami siku ile, itikieni kwa vichwa vyenu sasa pia, Lydia awaone.

Kaka, nisamehe. Mungu akupe pumziko, na liwe la amani.