Plasta Haiungi Mfupa

Sogezeni viti, wanangu, mnisikilize vizuri, maana pumzi yangu imekuwa fupi na hofu yangu ni ndefu. Ukumbi wa mazoezi ni wenu nyote wawili, pamoja na mazulia, mizani na lile kabati lisilofungika. Hayo yameshaandikwa, msiyagombanie. Kinachoninyima usingizi ni vidole.

Wewe mkubwa, uliyekuwa bingwa wangu wa judo, leo naliungama mbele ya dada yako jambo tulilolifunika miaka kumi na tisa. Siku ya fainali uliniletea kidole cha pete kimevimba, ukasema, "Baba, hiki nimekisikia kikilia." Nilijua kimevunjika. Nikakizungushia plasta tabaka juu ya tabaka, nikakwambia mwanamume hazuiwi na kidole, nawe kwa kunitii ukaingia ukashika kola ya mpinzani. Alipojipindua, kidole kikanaswa kwenye koti lake. Medali tuliipata. Leo wewe ni fundi cherehani usiyeweza kuvaa pete, na sindano unaishika kwa tabu huku wateja wakikutazama. Hujawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo limenichoma zaidi. Nisamehe, mwanangu.

Tangu hapo ndipo nikawa huyu Mzee Plasta mnayemcheka, ninayekagua kucha kama mwalimu wa zamu. Nichekeni, lakini yashikeni: kidole kilichoteguka kifungwe pamoja na jirani yake, plasta ipite juu na chini ya kiungo, kiungo chenyewe kiachwe kikunjike, kisha bonyezeni ukucha, na wekundu ukichelewa kurudi, fungueni muanze upya. Mpinzani akichomoka kwa nguvu, mwachieni koti lake. Aliyeachia atashika tena, king'ang'anizi atapelekwa hospitali. Na kilichovunjika hakifungwi kikaingia ulingoni, hata kama ukumbi mzima unapiga makofi.

Sasa wewe, kitindamimba wangu, usiinamishe kichwa. Mimi na marehemu mama yako hatukukulea umpe mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto, na tangu juzi unaninywesha maji kwa kushoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumamosi una pambano, na unajiambia kwamba nikitangulia kabla ya hapo hutakuwa na wa kukuzuia. Naogopa, binti yangu; hiki kinachonijia nimekizoea, lakini hilo la Jumamosi naliogopa.

Nipe mkono wa kulia. Wa kulia, mama. Nibane kama unavyoshika kola. Bana... bana zaidi. Mkubwa, umeona? Mimi ninayekata roho ndiye ninayembana yeye.

Basi sikilizeni, sitarudia. Mkubwa, ukumbi ni wenu wote, ila neno la nani aingie ulingoni na nani akae ni lako, kwa sababu wewe unajua. Kesho asubuhi mpeleke akapigwe picha ya mfupa, hata kama mtanikuta nimeshaondoka. Maiti hana haraka. Usilie, binti yangu, mapambano hayaishi. Mungu awape mikono mizima, ya kazi, ya kubebea watoto wenu, ya... ya kushikana nyinyi wawili nisipokuwepo. Amina itikieni nyinyi, mimi nimechoka.

Lakini kwanza, mkubwa, mpigie mwenye kupanga mapambano, alifute jina la dada yako. Hapa hapa, nisikie. Ongeza sauti ya simu, baba... sijaisikia ikiita.