Daktari Tak, Aliyeishuku Chumvi

Daktari Tak Gyeong-suk anastaafu tarehe 28 Februari, baada ya kuitumikia wodi yetu ya wagonjwa mahututi wa ubongo, hapa Andong, kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa muda wote huo hakuamini mashine yoyote, wala habari njema iliyofika mapema. Hata supu ya kantini aliionja kwanza kwa ncha ya kijiko, huku akimtazama mpishi.

Wengi wetu tutamkumbuka kwa mkasa wa Bwana Pyo, muuza vibua vya chumvi sokoni. Aliletwa akiwa hajitambui, ubongo umevimba hata damu ikawa inapenya kwa shida. Daktari Tak aliagiza maji makali ya chumvi yapitishwe mshipani. Mke wa mgonjwa akasimama mlangoni.

"Miaka yote mnatukataza chumvi, leo mnammiminia mfuko mzima? Mimi nakausha samaki kwa chumvi, Daktari. Usinidanganye!"

"Sikudanganyi, Mama. Kazi ni ile ile: chumvi ivute maji, uvimbe upungue, damu ipate njia."

"Na akikauka?"

"Hilo ndilo ninaloliogopa. Ndiyo maana sibanduki hapa."

Baadaye kipimo kilionyesha damu ikienda kwa kasi ubongoni. Daktari Kwak, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikwisha kuushika mfuko wa pili.

"Damu inapita, Mwalimu! Tumeshinda!"

"Inapita kwa sababu uvimbe umepungua, au kwa sababu presha imepanda? Weka mfuko chini, bwana harusi. Hakuna harusi hapa."

Kweli, presha ilikuwa imepanda. Mfuko ukazuiwa hadi majibu ya damu yaliporudi, nayo yalionyesha kuwa chumvi imekwisha kufika ukomo. Mfuko ule ungeweza kumwangamiza. Siku chache baadaye Bwana Pyo alifumbua macho, akauliza nani anauza samaki wake.

Jana, katika sherehe ya kumuaga Daktari, mke wa Bwana Pyo alileta vibua. Daktari Tak alivinusa, akauliza vimetiwa chumvi kiasi gani.

"Kidogo tu, Daktari. Nisije nikakukausha."

Alikula viwili bila kuonja kwanza. Hatujapata kumwona akimwamini mtu upesi namna hiyo.

Ahsante, Daktari Tak. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya. Sisi, hata hivyo, usituamini bado: pita utukague.