Stika ya Okwakol

OKWAKOL: Haloo? Nani huyo?

AKWII: Ni mimi, Akwii. Mama Vivian wa Malaba, wa beji za shule.

OKWAKOL: Aa, mama. Yoga, habari yako. Mbona unanong'ona kama mtu ako kanisani?

AKWII: Niko stoo, nyuma ya marobota. Simu imeshika mtandao wa Uganda, itakula salio yote. Nisikize tu. Kuna watu wawili wameingia kwa Amuron, jirani yangu wa kudarizi.

OKWAKOL: Wateja?

AKWII: Wateja gani wa kuvaa kadi shingoni? Ni wa ile kampuni ya programu ya kuchora beji. Wanazunguka na askari. Kila mwenye mashine ya kudarizi anaulizwa ufunguo uko wapi.

OKWAKOL: Ufunguo... ufunguo upi?

AKWII: Kwakol, usijifanye mgeni. Kale kadude kama flash, ka kuchomeka nyuma ya kompyuta.

OKWAKOL: Si uko nako? Ulinunua halali, nilikaona na macho yangu.

AKWII: Kako Tororo kwa wifi yangu Brigid, anafanyia kazi yake. Si wewe ulisema utaweka hiyo kitu yako, programu ifikirie ufunguo umechomekwa? Ukasema ufunguo mmoja utalisha nyumba mbili?

OKWAKOL: Nilisema polepole, mama. Si ya kutangaza kwa—

AKWII: Nimetuma kijana wangu Emong na boda akachukue. Amekwama kwa foleni ya malori, upande wa pili wa mpaka.

OKWAKOL: Hata akifika, programu haitausoma kabla kitu yangu itoke.

AKWII: Basi niitoe saa hii.

OKWAKOL: Ukiitoa na Emong hajafika, skrini itaandika ufunguo hakuna.

AKWII: Na nikiiacha?

OKWAKOL: Programu itafunguka vizuri. Na hakuna kitu imechomekwa. Hapo watajua.

AKWII: Sasa hiyo ni njia gani umenipatia? Kwakol, hii mashine ni ya chama. Wamama kumi na wawili. Ikibebwa nitawaambia nini? Na shule zinafungua Jumatatu, beji bado ziko kwa... (mkwaruzo) ...nusu.

OKWAKOL: Unapotea. Mama? Haloo?

AKWII: Niko. Hiyo kelele huko kwako ni ya nini?

OKWAKOL: Ni... nashusha mlango.

AKWII: Saa nne asubuhi? Ati unafunga?

OKWAKOL: Eriaku, fundi mwenzangu, walimbeba wiki jana, mama. Huku Busia. Yeye na kompyuta zake zote. Mke wake bado anapeleka chai stesheni.

AKWII: Kwa hivyo unafunga duka lako, langu libaki wazi.

OKWAKOL: Sijasema hivyo. Mama, ile stika yangu ya bluu bado iko?

AKWII: Ya ubavuni mwa kompyuta? "Okwakol Kompyuta, Piga Wakati Wowote"? Iko, na namba yako kubwa kama ya mgombea. Si ulisema nikiitoa garanti imeisha?

OKWAKOL: Ibandue.

AKWII: Na garanti?

OKWAKOL: Mama Vivian, achana na garanti. Ibandue.

AKWII: Haibanduki. Uliweka supa gluu, ukacheka ati hata panya hatakula jina lako.

OKWAKOL: Kwarua na kisu.

AKWII: Kompyuta iko mbele, karibu na mlango. Nikitoka wataniona. Kwakol. Kwa Amuron uliweka pia?

OKWAKOL: Kitu?

AKWII: Kitu na stika.

OKWAKOL: Huu mlango nao umekwama...

AKWII: Kwakol.

OKWAKOL: Mwezi wa nne. Alikuwa ananisumbua, ati Akwii amewekewa, yeye kwa nini—

AKWII: Ni mimi nilimwambia. Mdomo wangu. Nilimwambia tukisukana.

OKWAKOL: Ngoja. Kuna namba inaingia.

AKWII: Ya nani?

OKWAKOL: Siijui. Sijaihifadhi.

AKWII: Usichukue. Wacha nichungulie na tundu la mabati... Yule mrefu ameinama kando ya kompyuta ya Amuron. Ameweka simu kwa sikio.

OKWAKOL: Bado inaingia.

AKWII: Bado ameshika. Anaangalia kwa barabara tu, hajaongea.

OKWAKOL: Imekata.

AKWII: Ameshusha simu.

OKWAKOL: Mama yangu.

AKWII: Amuron analia. Ameketi chini hapo kwa nyuzi. Askari anachomoa waya. Sasa huyo mrefu anamuuliza kitu, na Amuron... Amuron anainua mkono. Ananyoosha kidole huku kwangu. Kwakol, niambie ukweli, hiyo kitu naanza kuitoa wapi? Nifungue wapi kwanza?

OKWAKOL: Usiguse mashine. Chukua kisu, stika kwanza—

AKWII: Ati stika? Mimi nakuuliza mashine ya wamama na wewe unani—

OKWAKOL: Haloo? Mama? Salio imeisha. Mungu wangu, hii kufuli nayo inaingia wapi... (simu inalia tena, anapokea bila kuangalia namba) Ee, Mama Vivian, afadhali umepata salio. Kwarua hiyo stika haraka, na useme sijawahi kukanyaga kwako.

SAUTI YA MWANAUME: Stika ya hapa kwa Amuron, boss? Ama kuna ingine?