Jina la Nyumbani

Treni ya kwenda Bermeo, kwa Wabaski wa Hispania, ilikwenda polepole kando ya mto uliofunikwa na ukungu, nami nilikuwa nikisinzia. Bibi mmoja alikuwa akimwambia mzee asiyemjua kwamba anakwenda kubadilisha jiwe la kaburi la kaka yake. "Alipozaliwa, serikali ilikuwa imekataza majina ya Kibaski, padri akaandika la Kihispania, Ignacio. Lakini mama alimwita Eneko, yaani kadogo kangu."

"Miaka yote hiyo ni Ignacio, dada. Mwache apumzike. Na vyeti je?"

"Kwani vyeti ndivyo vilivyomnyonyesha?"

Mzee akacheka. "Mimi kwenye vyeti ni José."

"Na nyumbani?"

"Waliokuwa wakiniita lile la nyumbani wamekwisha wote."

"Basi niambie mimi."

Treni ikasimama, milango ikafunguka, na mzee alikuwa bado akilijaribu jina lile midomoni.