Ng'ombe wa Sita wa Ragnfrid

Wafiwa wenzangu na majirani wa ghuba hii, mimi Sigvat, mdogo wake wa kuzaliwa, nimeombwa niwasimulie maisha ya dada yetu, Ragnfrid binti Orm, nami nitayasema kama yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda maneno ya kupambwa.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Brekka, siku ya tatu ya kukata majani, mwaka ule theluji ilipoporomoka na kulifukia banda la baba, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, ambao kati yao leo nimebaki mimi peke yangu. Elimu yake aliipata kwa bibi, aliyemfundisha kukamua, kugandisha maziwa, kusokota sufu, na kukisia kwa jicho majani makavu yaliyopo yatalisha ng'ombe wangapi mpaka majani mabichi yaote.

Kazi yake ilikuwa shamba, tangu ana miaka saba: kubeba samadi, kupalilia shayiri, kupanda na mifugo malishoni mlimani kila kiangazi, kushuka na siagi, kisha majani, majani, na majani tena.

Aliolewa na Ketil wa Nes, aliyehamia kwetu hapa Brekka, akiwa na miaka kumi na tisa, siku ya kwanza ya majira ya baridi, na mama akampa ng'ombe mmoja mwekundu. Walijaliwa watoto sita, walio hai ni wawili, Torgerd na Hall, mnaowaona pale. Ketil alipanda merikebu kwenda kutafuta mali ng'ambo, hakurudi, na shamba halikumpa dada nafasi ya kulia.

Mwaka jana, siku za kuchinja, kila nyumba ilipopunguza mifugo ilingane na majani, jicho lake lilimwambia watano, naye akabakiza sita, kwa kuwa wa sita alikuwa kitukuu wa yule mwekundu wa mama. Nilimwambia, "Dada, chinja na huyo." Akanijibu, "Watoto wanne nimezika, mume hata kaburi lake silijui. Huyu niachie, Sigvat." Nikamwachia, na kumwachia huko kunaniuma mpaka leo.

Majani yaliisha theluji ikiwa bado imejaa, akawalisha magome ya miti na vichwa vya samaki, na kila asubuhi akashuka ufukweni kukata mwani katikati ya barafu, maji yakimfika magotini. Kikohozi kilimwanza huko, akalala wiki mbili, akafariki juzi, wiki ya nne ya kiangazi chetu hiki kinachoanza theluji ingali chini, alfajiri ya siku ya kuwatoa ng'ombe nje baada ya kufungiwa bandani majira yote ya baridi.

Tunamshukuru mganga wetu, mama Aslaug, aliyemhangaikia kwa mizizi na mvuke, na Torgerd aliyekesha naye. Nanyi majirani wa Nes na Haug, ambao kila mwaka huja kutusaidia kuwabeba nje kwa miti na kamba ng'ombe walioishiwa nguvu kwa njaa, juzi mlifika na miti ileile na kamba zilezile. Ng'ombe wote sita walitoka kwa miguu yao, mkambeba yeye.

Dada, majani yameota. Sasa pumzika.