Rumaitha, Aliyeifundisha Kompyuta Kuitikia Hodi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Rumaitha Marhoun Jabir anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha kompyuta hapa Chake Chake kwa miaka thelathini na mitatu. Kwa desturi ukurasa huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii wenzake wamenipa mie, mama yake, wakisema mie ndiye nimjuaye zaidi. Hawakukosea. Darasa nililofika ni la nne, lakini huyu nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo nikisifu mtanistahamilia.

Alianza kama mpiga chapa, na taipureta aliipiga mpaka wapita njia wakasimama dirishani kusikiliza. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilikaa imefunikwa kitambaa, kila mtu akiogopa kuiharibu. Aliyekifunua kitambaa ni mwanangu. Baadaye akaenda kusoma Unguja, akarudi na cheti, nami nikakitia fremu kabla hajavua buibui.

Kazi iliyompa jina ilikuja pale kituo kilipoombwa kuwafundisha makarani wa vituo vya afya kuweka programu ya kumbukumbu za chanjo. Programu ile haikuwekwa kwa kubofya picha. Ulifungua kidirisha cheusi, ukaandika amri kwa Kiingereza, ukabonyeza, nayo ikajiweka yenyewe bila ya kusema neno mpaka imalize. Mafundi hawaoni ajabu. Kwao mashine ikinyamaza, mambo ni mazuri.

Makarani wetu wakaandika amri, kimya. Wakaandika tena, kimya. Ya tatu, kimya vilevile. Wakafunga kompyuta, wakashukuru, wakenda zao. Programu ikabaki nusu, haifanyi kazi wala haifutiki. Mkaguzi wetu, Bwana Ahmada, akasema watu wa Pemba hawana subira, na kwamba darasa lihamishiwe Unguja. Wengi darasani walikuwa kina mama wanaonyonyesha. Darasa likihama, wao basi tena, na kazi ya ukarani ingepewa mwengine.

Rumaitha hakubishana. Alikwenda kukaa karibu na Mwanakhamis, karani kutoka Gando, akamuuliza kwa nini amefunga. Mwanakhamis akamjibu taratibu, "Mwalimu, nimepiga hodi mara tatu, mwenyewe kimya. Nisimame mlangoni kwa watu mpaka lini?"

Mwanangu alicheka mpaka machozi, halafu akaacha kucheka. Sote tumelelewa hivyo: ukibisha mara tatu usiitikiwe, unaondoka, na wala huweki kinyongo. Watu wale subira walikuwa nayo. Walichokifanya ni adabu.

Akamwomba Bwana Ahmada ampe mwezi, akaandika programu ndogo ya kusimama mbele ya ile kubwa. Sasa unaandika neno moja tu, "anza", nayo inakujibu hapohapo kwa Kiswahili: karibu, nimekusikia, kazi hii ina dakika chache, usifunge. Kila ikipiga hatua inakwambia imefika wapi, na ikimaliza inakupa mkono wa heri.

Alihitaji mtu asiyejua kitu wa kuijaribia, na hapo ndipo nilipoingia mie. Nikakosea kuandika jina ililoniuliza, ikaniandikia KOSA kwa herufi nyekundu. Nikamwambia mwanangu kuwa mgeni hakaripiwi hivyo, aelezwe amekosea wapi na afanye nini. Akabadilisha siku ile ile. Kwa hiyo yale maneno mnayoyasoma, "Jina hili silioni, hebu litazame tena," ni ya kwangu, na wala sioni haya kusema.

Mwezi ulipokwisha Bwana Ahmada akaja, akakaa nyuma ya darasa. Hakuna aliyefunga kompyuta kabla ya kazi kwisha. Mwanakhamis alimaliza wa mwanzo, akatoka barazani kumnyonyesha mwanawe kama aliyetoka kuosha vyombo tu. Bwana Ahmada ni mtu wa haki. Alitamka mbele ya wote kuwa darasa halihami, kisha akaomba programu ile aipeleke Unguja. Unguja wanaitumia mpaka leo. Nalisema hilo kila arusini, na nitaendelea kulisema.

Kasoro anayo moja: akiwa kazini simu ya mama yake haipokei. Kasoro nyengine mimi sijaiona, mwenye nayo akae nayo.

Kuanzia Jumatatu darasa la wanaoanza litakuwa chini ya Mwanakhamis. Rumaitha alitaka aje siku ya mwanzo, atazame tu. Mwanakhamis, ambaye siku hizi naye ni mwalimu kamili, alimwambia, "Kaa nyumbani, Mwalimu. Hapa hatuhami tena." Mwanangu alinihadithia huku akijipangusa macho, na mie nikatazama pembeni asiyaone yangu.

Kituo kinakushukuru, Rumaitha, na kina mama wa darasa lako wanakuombea afya, umri na mapumziko yenye heri. Njoo kwangu Vitongoji, mwanangu. Wao umewatumikia vya kutosha, sasa ni zamu yangu.